Tanzia Niliyoiandika Nikiwa Kurasini

Safari hii niliianza kwa sababu ya pampu. Kiwanda chetu kidogo cha kukamua mafuta ya parachichi, nje ya mji wa Njombe, kilikuwa kimesimama siku ya tisa, na pampu mpya iliyoagizwa kutoka ng'ambo ilikuwa imelala Kurasini ndani ya kontena ikisubiri karatasi. Mimi ndiye ninayeshughulikia ununuzi, kwa hiyo meneja aliniita akaniambia nisirudi bila pampu. Nawaandikia ninyi wa nyumbani kwa sababu wengi wenu mlikuwa uwanjani kwa Mama Festo siku ile, na kila mmoja anasimulia kivyake. Mimi nitasimulia upande wa barabarani, maana kosa lilikuwa langu.

Basi liliondoka Njombe saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umekaa juu ya mashamba ya chai. Nilikaa dirishani, nikafungua simu, na kusema kweli sikuiacha mpaka Mikumi. Mnajua kwamba mimi ni katibu wa kundi letu la WhatsApp, lenye watu wa kijijini na wale waliotawanyika mijini. Kazi hiyo naipenda kuliko ninavyokubali mbele za watu. Naandika matangazo, nawakaribisha wapya, naondoa wanaokaa kimya zaidi ya miezi sita. Kwenye misiba mimi ndiye ninayetoa tanzia. Maneno yake nimeyahifadhi kwenye simu, "Kwa masikitiko makubwa uongozi wa kundi unawatangazia," nabadilisha jina tu na kubandika. Mke wangu, Upendo, aliwahi kuniambia kwamba kuhifadhi maneno kama hayo ni sawa na kuweka jeneza sebuleni. Nilimcheka.

Siku hizo nilikuwa na donge moyoni. Msaidizi wangu, Mwalimu Gerald, alikuwa amenitangulia kutoa tanzia mbili mfululizo. Pole zote ziliandikwa chini ya tangazo lake, na watu wakamshukuru kwa "kutuhabarisha kwa wakati". Nilijiapiza kimoyomoyo kwamba ya tatu haitanipita. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mtu mzima mwenye watoto wanne, nasafiri huku nikingoja nani afe.

Jioni tulishuka stendi ya Mbezi. Joto lilinipokea mlangoni mwa basi, nikavua sweta niliyovaa tangu alfajiri. Nilipata chumba Temeke, karibu na soko la Tandika, chenye feni inayopiga kelele kuliko inavyopuliza. Nililala na simu kifuani.

Asubuhi, saa mbili, nilikuwa Kurasini. Malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka barabara kuu, makontena yamepandana kila upande, na mawakala wa forodha wanakimbia na mafaili kwapani. Wakala wetu ni Bwana Murtaza, mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapahapa Dar, mwenye ofisi ya chumba kimoja ghorofani na kalenda za msikitini kwao ukutani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karibu. Pampu yako ipo, nimeiona kwa macho. Lakini mtandao wa forodha uko chini tangu jana. Leo Ijumaa, tusipotoa kabla ya saa kumi, ni mpaka Jumatatu. Kaa. Usiende mbali, nitataka saini yako."

Nikakaa. Hapo ndipo yalipoanzia mambo. Mtu anayesubiri mtandao urudi anafanya nini? Anaingia mtandaoni. Nilipitia kundi, hakuna jipya. Nikafungua picha ambazo watu huweka kwenye "status" zao, nikakutana na picha ya Festo.

Aliyeiweka ni Neema, binti yake, anayesoma chuo hapa Dar. Namba yake ninayo kwa sababu aliwahi kunitafuta kuhusu barua ya serikali ya kijiji. Ilikuwa picha ya zamani, iliyofifia rangi, Festo amevaa suti iliyompwaya na anatazama mbali. Chini yake hakukuwa na neno hata moja. Mnajua wenyewe sisi tunavyofanya. Mtu akiweka picha ya mzazi wake, ya zamani, bila neno, kuna nini tena cha kuuliza? Nilipiga simu ya Festo. Haipatikani. Nikampigia Neema, haikupokelewa. Kwangu huo ulikuwa uthibitisho wa pili na wa tatu. Na nikamwona Mwalimu Gerald naye yuko hewani, chini ya jina lake imeandikwa "online".

Sikusubiri. Nilibandika maneno yangu, nikaweka jina la Festo, nikaweka na ile picha. Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini. Pole ya kwanza iliingia kabla sijaiweka simu mezani, na ilitoka kwa Mwalimu Gerald mwenyewe: "Asante Katibu kwa taarifa. Tumepoteza jembe. Tulilelewa pamoja." Nilihuzunika, sitaki mseme sina moyo. Lakini chini ya huzuni kulikuwa na kitu kingine, kitu kidogo cha kufurahi, na ndicho ninachokikumbuka zaidi.

Nimweleze Festo kwa wasiomjua. Ni mtoto wa kwanza wa Mama Festo, ndiyo maana kijiji kizima kinamwita mama yule kwa jina hilo. Alikwenda Dar kitambo. Miaka sita iliyopita baba yake alipofariki, Festo alifika siku ya pili baada ya maziko. Tulimsema sana, na mimi nilikuwa mstari wa mbele. Hajarudi tena. Mama yake anaumwa presha. Ule msiba wa mumewe ulimwangusha chini, akalazwa majuma mawili, na daktari akatuonya wazi kwamba habari nyingine kama ile, ikimjia kwa ghafla, anaweza asinyanyuke.

Saa tano kasoro, Neema aliweka picha ya pili. Ilikuwa ileile ya zamani, na pembeni yake uso wake mwenyewe, anacheka na meno yote nje. Safari hii kulikuwa na maneno: "Jamani, nimefanana na baba au nimemzidi uzuri?"

Binti aliyefiwa asubuhi haandiki hivyo. Nilimpigia, simu imezimwa. Nilimpigia Festo, haipatikani. Nikampigia Upendo.

"Upendo, ile habari ya Festo, nadhani nimekosea."

"Baba Toni, kengele ya kanisa imeshapigwa. Viti vimeshatolewa nje kwa Mama Festo. Kina mama wameshawasha moto."

"Na mwenyewe?"

"Bado yuko kwenye semina ya kina mama, ng'ambo ya bonde. Hana simu. Ila wametuma pikipiki imfuate."

"Wazuie!"

"Imeshaondoka, na huko bondeni simu hazishiki."

Niliandika kwenye kundi: "Ndugu zangu, naomba tusubiri, inawezekana Festo yuko hai." Majibu yaliyokuja yalinitoa jasho. "Pole Katibu, hata sisi hatuamini." "Jipe moyo, Katibu." Nikaifuta tanzia. Mwalimu Gerald akaandika kwamba katibu amezidiwa na uchungu, mpaka amefuta tangazo, na akalibandika upya kwa jina lake.

Tatizo ni desturi yetu wenyewe. Kwetu mtu hapewi habari ya msiba mkubwa akiwa njiani. Anaambiwa mgonjwa amezidiwa kidogo, njoo. Akiuliza, anaambiwa hapana, ni mzima, njoo tu. Kwa hiyo ukisema "yuko hai", kila mtu wa kwetu anasikia kinyume chake. Na yule wa pikipiki alikuwa ametumwa kumwambia Mama Festo kwamba Festo anaumwa kidogo. Mama yule amezika mume na ndugu. Angejua maana yake kabla hajapanda pikipiki.

Hakukuwa na njia nyingine ila kumpata Festo mwenyewe, sura na sauti, kabla mama hajafika kwenye ule uwanja. Kwenda ng'ambo ya bonde na kurudi ni mwendo wa saa tatu, na mvua zilikuwa zimeharibu barabara, labda saa nne. Nilimweleza Bwana Murtaza. Alinisikiliza, kisha akavua miwani.

"Kwenye jamaati yetu, sisi wa msikiti mmoja, anayetangaza msiba ni mtu mmoja tu. Naye hatangazi mpaka amefika nyumbani kwa mfiwa, amemshika mkono. Wewe ulimshika nani mkono?"

Akanisukumia karatasi.

"Weka saini hapa, na hapa, na hapa. Karatasi nitasimamia mwenyewe."

"Mzee, bosi amesema nisiondoke mpaka..."

"Mashine yako haina mama. Nenda."

Kurasini hadi Segerea nilikwenda kwa bodaboda. Katika nyumba ya Festo niliwahi kulala mara moja, miaka ya nyuma, na nilikumbuka tu kwamba iko nyuma ya gereza, baada ya bomba la maji, geti la bluu. Dereva alikuwa mtu mzima mwenye mvi kidevuni. Tulipita barabara ya Mandela, malori kushoto na kulia, na mimi nikiyatazama maandishi ya kundi kwenye simu kila tuliposimama. Pole zilikuwa zinaendelea kumiminika.

"Braza, vipi?" aliuliza tulipofika Buguruni. "Umenishika mabega kama unataka kuondoka nayo. Una ishu gani?"

"Nimemuua mtu."

Alifunga breki katikati ya magari.

"Kwenye simu," nikaongeza haraka. "Nimetangaza amekufa na hajafa."

"Aaah! Mie nikajua umemwaga damu." Akaondoa pikipiki. "Hayo yapo. Sie tulishamsomea mtu hitima, akatukuta, akakaa chini akala pilau. Ila mama yake alikuwa hayupo."

"Huyu yupo. Na ana presha."

Aliongeza mwendo.

Segerea, saa sita na robo. Tulizunguka ukuta wa gereza, tukapita bomba, na geti la bluu halikuwepo. Lilikuwa limepakwa kijani. Kabla ya kubisha nilisimama nikatazama. Hakuna turubai, hakuna viti, hakuna wanawake wameketi kwenye mikeka. Redio ya jirani ilikuwa inapiga singeli kwa sauti ya juu. Sijawahi kuupenda muziki ule kama siku hiyo.

Mke wa Festo, Mama Neema, alifungua geti akiwa na mikono yenye povu la sabuni. Naye ni mtu wa kwetu.

"Kamwene! Katibu! Umetokea wapi wewe?"

"Kamwene. Kaka Festo yupo?"

"Yuko kazini, Chamazi." Akanitazama vizuri. Nilikuwa nahema, shati limelowa, nimekuja bila taarifa kutoka Njombe na jambo la kwanza ninalouliza ni mumewe. Tabasamu likamtoka. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mzima tu."

Nilisikia maneno yale yakitoka kinywani mwangu na nikajua nimefanya nini. Aliliachia geti.

"Usinizungushe, Katibu. Shimo limemwangukia?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba Festo anachimba mashimo ya vyoo, futi ishirini na zaidi kwenda chini, kwenye mchanga wa huko Chamazi ambao hubomoka bila kuaga. Simu yake iliingia maji juzi, Mama Neema aliniambia imefukiwa kwenye bakuli la mchele ikauke. Neema yuko kwenye chumba cha mtihani, simu haziruhusiwi. Ile picha aliiokota kwenye Biblia ya baba yake jana, ikampendeza. Basi. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, na mimi ningeyajua yote kama ningeuliza mtu mmoja wa nyumba hii. Nilimwambia kila kitu, nikiwa nimesimama pale getini.

"Kwa hiyo huko nyumbani mimi ni mjane?"

"Tangu saa tatu na dakika arobaini."

Nilidhani atanipiga. Alifuta povu kwa khanga. "Na sasa umeniingiza wasiwasi, sina hata pa kumpigia. Asubuhi alisema kingo za shimo hazimpendezi." Alinielekeza kiwanja chenyewe, karibu na uwanja wa mpira, nyumba iliyofikia linta, juu ya milango na madirisha, na haina paa. Alitaka kuja, lakini mtoto wao mdogo alikuwa karibu kutoka shule. "Ukimkuta, anipigie kwa simu yako, kwenye namba ya jirani. Wewe nitakusema baadaye. Nenda."

Segerea hadi Chamazi dereva aliniambia twende kwa ndani, Majumba Sita, Banana, Kitunda, Kivule, tukaibukie Mbande. Ni njia ya vumbi na mashimo, nyumba mpya kila mahali, vibanda vya matofali, maduka ya vifaa vya ujenzi. Kila pembeni mwa nyumba inayojengwa niliona lundo la udongo mwekundu, na kila lundo nililitazama mpaka likapita. Nimekwisha kumtangaza mtu. Kama ningefika nikakuta watu wamezunguka shimo, ningeamini mpaka kufa kwangu kwamba mimi ndiye niliyemwita huyo mauti.

Tukiwa Kivule, Upendo alipiga. "Pikipiki inarudi. Wameonekana kwenye kilima cha zahanati. Kijana wa mchungaji, yule aliyetumwa kumfuata, kapiga simu, anasema Mama Festo hajasema neno tangu alipoambiwa. Kauliza tu kama ni Festo."

"Imebaki muda gani?"

"Nusu saa. Baba Toni, watu ni wengi. Nimejaribu kuwaambia, wananishika mikono wananipa pole."

"Simama njiani. Asiingie uwanjani bila wewe. Shika simu mkononi, usiiachie."

Chamazi tulifika saa tisa kasoro. Taa ndefu za uwanja wa mpira zilionekana kwanza, halafu kiwanja, halafu nyumba yenye linta. Mtu mmoja alikuwa amesimama kando ya shimo, anavuta kamba, ndoo ya mchanga inapanda. Nilishuka kabla pikipiki haijasimama.

"Festo yuko wapi?"

Yule mtu alionyesha chini kwa kidevu.

Nikachungulia. Kwanza sikuona kitu, baadaye nikaona kofia, mabega, na sululu.

"Kaka Festo!"

Kofia iliinuka. "Nani huyo?"

Niliketi kwenye lundo la mchanga nikalia. Sikujali yule wa kamba wala dereva. Nililia kwa sababu alikuwa na sauti.

Alipanda kwa kamba, udongo mpaka kwenye kope. Nilimweleza kwa maneno machache niliyoweza, na badala ya kunijibu alinyoosha mkono. "Lete simu." Nilidhani anampigia mkewe. Alifungua kundi akaanza kusoma pole zake mwenyewe, polepole, akifuta kioo kwa kiwiko.

"Alikuwa mtu wa watu," alisoma. "Hatutakusahau, Festo. Huyu aliyeandika hivi si ndiye aliyeninyima mkono kaburini kwa baba? Na Mwalimu Gerald, eti 'Tulilelewa pamoja.' Mie mwaka wa sita huu sijasikia hata mlio wake."

"Kaka, mama yuko njiani. Tupige sasa hivi."

"Subiri. Watu hawa wote walikuwa wananipenda hivi?"

"Kaka!"

Alinitazama. "Ulinitoa kwenye kundi, mdogo wangu."

"Ulikaa kimya miezi sita. Ni sheria, si wewe tu."

"Simu ilikuwa mbovu. Unajua mie kwenye kundi lenu nilikuwaga natafuta nini? Siasa zenu? Nilikuwa natuma sauti ili mkeo amsikilizishe mama. Kila Jumapili akitoka kanisani. Ukanitoa. Nilikupigia mara mbili, ukaniandikia 'nipo kikaoni'."

Nilikumbuka. Mama Festo alikuwa akija kwetu Jumapili, anakaa kwenye kigoda jikoni, Upendo anamwekea simu sikioni. Baadaye aliendelea kuja majuma kadhaa, anauliza, Upendo anatikisa kichwa. Halafu akaacha. Mimi nilikuwa sebuleni muda wote huo na simu yangu, nikisema Festo amemsahau mama yake. Nilimwomba msamaha. Maneno yalikuwa madogo mno, lakini sikuwa na mengine.

Simu ikalia mkononi mwake. Upendo, kwa video.

"Pokea," nikasema.

Alirudi nyuma. "Hivi nilivyo? Ataniona na tope hili, baada ya miaka yote? Ngoja ninawe uso."

"Kaka Festo, mama yako anaona viti vya msiba wako sasa hivi. Pokea!"

Nikabonyeza mwenyewe. Kwenye kioo tuliona ardhi, miguu ya watu, ncha ya khanga, gurudumu la pikipiki. Vilio vilikuwa vimeanza. Katikati yake tukasikia sauti ya mama, kavu kabisa: "Niambieni. Mimi si mtoto, msinizungushe."

"Mama, tazama hapa," alisema Upendo, anahema. "Tazama simu, mama."

Uso ukatokea. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyomwacha juzi, au labda nilikuwa sijamtazama. Festo alivua kofia.

"Shikamoo mama."

Macho ya mama yalibaki pale pale. Halafu uso ukaondoka, tukaona mbingu tupu. "Leteni maji! Mshikeni!" walipiga kelele. Simu ilikuwa imeanguka chali, ikionyesha mawingu ya nyumbani. Festo aliita mama, mama, mama. Dereva wa bodaboda alikuwa amekuja nyuma yangu, nikamsikia anaomba Mungu kwa sauti ya chini. Mimi sikuomba. Nilikuwa najiambia, umemuua kweli sasa, Katibu, na safari hii huna haja ya kubadilisha jina, utaweka neno "Mama" tu mbele.

Sijui ilikuwa dakika ngapi. Mawingu yalitikisika. Mkono ukaichukua simu, na sauti ikasema, "Marahaba."

Alikuwa ameketi chini, amelowa maji kichwani. "Sogea nikuone. Mbona una udongo?"

"Nachimba, mama."

"Unachimba nini?"

"Shimo la choo."

"Basi toka humo uje nyumbani." Akageuza uso kwa watu, na nyote mlimsikia. "Hakuna anayeondoka. Moto usizimwe. Mmekuja kwa ajili ya Festo, mtakaa hapa mpaka Festo aje."

Tulimpigia Mama Neema kwa namba ya jirani. Alimsikiliza mumewe akisema neno "mimi" tu, akaanza kulia, akakata.

Kesho yake, Jumamosi, tuliondoka Mbezi kwa basi la alfajiri. Pampu ilikuwa kwenye buti. Bwana Murtaza aliitoa Ijumaa ileile baada ya swala, akaniletea mwenyewe Tandika, na hakuniuliza zaidi ya kama mama yuko hai. Festo alikaa dirishani. Alivaa suti, si ile ya kwenye picha, ila nayo ilimpwaya. Njiani aliongea kidogo. Tulipopita Mafinga na baridi ikaanza kuingia, aliniuliza kama kaburi la baba yake limejengewa. Nilimwambia bado. Alitikisa kichwa. Simu yangu niliizima tangu Morogoro, na mikono yangu haikujua pa kukaa.

Jua lilikuwa linakwenda chini tulipofika. Sina haja ya kuwasimulia mlichokiona, mlivyokuwa mmekaa kwenye viti vilevile, moto uleule, na Mwalimu Gerald akijificha nyuma ya ghala. Mama Festo hakukimbia. Alimshika mwanawe mikono, akaigeuza viganja juu, akatazama malengelenge ya sululu. Akamwambia aingie ndani ale.

Baadaye aliniita mimi. Nilipiga magoti mbele yake, nikasubiri aniseme, na nilitamani aniseme.

"Wewe ndiye uliyeandika?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu jana. Umeniletea mwanangu." Aliutazama moto. "Lakini siku nikifa mimi, usiandike wewe. Mwachie Festo. Yeye ataniangalia kwanza."

Maneno yale niliyokuwa nimeyahifadhi nimeyafuta. Festo nimemrudisha kwenye kundi siku simu yake ilipokauka ikawaka, na mnajua alichoandika, neno moja tu, "Nipo." Ukatibu ninao bado, nilitaka kuurudisha mkakataa kuupokea, ila misiba sitangazi mpaka nimefika nyumbani kwa wafiwa na kumshika mtu mkono. Na Jumapili, kina mama wakitoka kanisani, kigoda kinarudi jikoni kwetu. Simu ninayoiweka sikioni kwa Mama Festo ni yangu, na ninaishika mimi mpaka amalize.